Amri Iitwayo Lawama

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Ofisini wananiita Darubini. Kopo langu la sukari nimelichora mstari wa wino ubavuni, na kila asubuhi naliangalia kabla sijaketi. Mtu akinichangamkia kupita kiasi najiuliza anataka nini. Mama yangu husema nilipozaliwa nilimkagua mkunga kwanza ndipo nikalia. Nayasema haya mapema ili msije mkaniuliza baadaye kwa nini nilifanya niliyoyafanya wiki ile.

Kazi yetu ni programu moja tu. Inakaa ndani ya kisanduku kidogo kinachobandikwa kwenye friji za chanjo katika vituo vya afya. Friji ikipata joto, kisanduku kinapiga kengele, nesi anakuja mbio. Tuko sita chumbani, meza zimepangwa mbili mbili, nyaya zimebandikwa sakafuni kwa gundi ya karatasi, na dirisha moja halifungi vizuri kwa hiyo tumelikaza kwa gazeti lililokunjwa.

Jumatatu asubuhi Mkuu wetu wa kitengo aliingia bila salamu. Alisema umeme ulikatika mwishoni mwa wiki, na katika vituo vinne friji zilipata joto na kengele hazikulia. Zilikuja kulia baada ya saa sita nzima kupita, chanjo zimeshaharibika.

"Leo akina mama wamepanga foleni na watoto wao wakaambiwa warudi nyumbani," alisema. "Nautaka mstari uliofanya hivyo, na nataka kujua ni wa nani. Ijumaa kuna kikao. Aliyehusika ataondoka kazini, na jina lake litaandikwa kwenye ripoti itakayokwenda vituo vyote."

Mkuu alitoka. Kila mtu aliinamia kompyuta yake na kuanza kupekua, na kila mtu, naapa, alikuwa anapekua kwanza alichoandika mwenyewe. Mimi sikuhangaika na yangu. Nilijiamini.

Kwa asiyejua, sisi waandishi wa programu tuna kifaa kinachotunza historia ya kila badiliko. Ukigusa mstari, kinaandika ni nani, lini, na maneno machache unayoyaweka mwenyewe kueleza kwa nini. Ukikosea, unarudi nyuma. Humo kuna amri moja ambayo ukiielekeza kwenye faili inakuonyesha, pembeni ya kila mstari, jina la mtu wa mwisho kuugusa. Walioitunga waliiita lawama. Wenzangu huitumia mara moja moja. Mimi nilikuwa naipiga kila siku, hata pasipo na kosa, kuona tu nani alipita wapi.

Kabla ya chai ya saa nne nilikuwa nimeshaupata. Faili lenyewe linaitwa kimya, na kazi yake ni kuizuia kengele isilie upesi mno umeme unapokatika. Ndani yake kuna mstari mmoja mfupi: subiri 360. Saa ya programu yetu inahesabu dakika, na dakika mia tatu na sitini ni saa sita kamili. Nilifurahi, sitaficha. Nikapiga amri ya lawama.

Likatoka jina la Bi Kabati.

Bi Kabati ndiye mkongwe wa kitengo, miaka ishirini na sita kazini. Anakaa peke yake chumba cha mwisho cha ukumbi, pamoja na kabati la chuma ambalo sikuwahi kuliona likiwa wazi. Ufunguo wake anauvaa shingoni. Na ni mama yangu mdogo. Yeye na mama yangu wamenyonya ziwa moja, na ofisi nzima inajua, hatukuwahi kuficha. Programu yangu ya kwanza niliiandika mezani kwake nikiwa na miaka kumi na miwili, yeye akimenya machungwa na kunikosoa.

Nikaangalia tarehe. Miaka kumi na moja iliyopita. Hapo machale yakanicheza. Siku hiyo hiyo, dakika hiyo hiyo, jina hilo hilo lilikuwa limeingiza mistari elfu arobaini na moja kwa mkupuo mmoja. Nikajaribu kurudi nyuma zaidi, hapakuwa na kitu. Programu nzima ilikuwa imezaliwa siku moja ikiwa na meno yote.

"Njoo uone," nilimwambia jirani yangu wa meza, dada mmoja tunayemwita Kicheko. "Mtu gani anaandika mistari elfu arobaini kwa siku?"

"Hakuna," alisema. "Labda shetani."

"Na kabla ya hapo kulikuwa na nini?"

"Kabla ya hapo si hakukuwa na vifaa hivi? Watu walikuwa wanaandika tu."

Niliwauliza na wengine wanne. Mmoja alisema kifaa chetu ndicho cha kwanza duniani. Mwingine alisema zamani watu walikuwa wananakili faili na kuliita la mwisho, halafu la mwisho kabisa, halafu la mwisho la kweli, na wote tukacheka kwa kuwa wote tumewahi kufanya hivyo. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua. Mimi pia sikujua zaidi yao, nilishuku tu zaidi. Nilijiambia kuwa mtu ambaye historia yake inaanza siku moja, ghafla, ikiwa imekamilika, huyo amefuta kitu.

"Lakini mbona miaka yote hii chanjo hazikuharibika?" Kicheko aliuliza.

"Umeme ulikuwa haukatiki hivi."

"Ulikuwa unakatika sana!"

"Basi walikuwa na bahati."

Swali lake lilinikera, nikamgeuzia mgongo.

Mchana nikapita mbele ya chumba cha mwisho, nikijifanya naenda chooni. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Juu ya meza ya mama mdogo palikuwa na kompyuta nene ya zamani ambayo sikuwahi kuiona, inanguruma, na yeye ameikazia macho. Aliponiona aliizima kioo.

"Umekula?" aliniuliza.

Nilisema nimekula. Nikaondoka nikiwa na uhakika. Mtu asiye na lake jambo hazimi kioo, na wala hakuulizi kama umekula.

Kilichonipeleka kwa Mkuu jioni ile si haki peke yake, nakiri. Nilikuwa nawashuku wenzangu kwamba wananishuku. Nikinyamaza, watasema nimemfichia ndugu. Kicheko alishauona mstari. Bora niseme mimi kabla hajasema mwingine. Nilisimama mbele ya meza ya Mkuu nikaeleza kila kitu: ile 360, jina, tarehe, mistari elfu arobaini na moja, kompyuta iliyozimwa kioo.

"Huyu ni mama yako mdogo," alisema. "Una uhakika?"

"Mkuu, kifaa hakina ndugu," nilijibu, nikajiona mtu mzima.

Jumanne kadi ya mama mdogo haikufungua mlango. Alikaa kwenye benchi la mapokezi na mkoba wake mapajani, kama mgeni aliyekuja kuulizia kazi, mpaka Mkuu alipokwenda kumwambia arudi nyumbani na aje kesho kabati lifunguliwe. Sisi sote tulipita mbele yake. Wengine walimsalimia. Mimi nilipita nikisoma simu.

Jioni mama yangu akapiga.

"Umemshitaki mdogo wangu?"

"Mama, ni mambo ya kazi."

"Kazi gani hiyo isiyojua mama mdogo? Nepi zako amefua yeye, wewe!"

"Mama, jina lake ndilo lililotoka."

"Jina lake ndilo lililotoka," alirudia kwa sauti ya kunikejeli. "Nimemuuliza kuna ugomvi gani kati yenu. Amenikataza nisikuulize kitu. Amesema utajua mwenyewe."

Akakata simu. Nililigeuza neno hilo kichwani njia nzima nikirudi nyumbani. Utajua mwenyewe. Nililiona ni tishio.

Jumatano asubuhi Mkuu alinipa kazi ya kulipekua kabati mbele yake, kwa kuwa kesi nilikuwa nimeileta mimi. Mama mdogo alivua ufunguo shingoni akaniwekea mkononi. Kabla sijaugeuza, Mkuu akapigiwa simu kutoka juu, akatoka ukumbini huku akisema ndiyo mzee, ndiyo mzee. Tukabaki wawili.

Nilitarajia kukuta sijui nini. Ndani palikuwa na masanduku ya disketi, ile kompyuta nene, daftari kubwa lenye jalada gumu, na kofia nyekundu ya kitambaa iliyofifia, imetundikwa kwenye msumari upande wa ndani wa mlango.

"Hii kofia ya nini?" niliuliza kwa sauti ya askari.

"Hicho ndicho kifaa chetu cha kwanza," alisema.

Nikadhani ananifanyia mzaha. Aliketi.

"Tulikuwa wanne, na programu iko kwenye kompyuta moja. Wawili wakigusa faili moja kwa wakati mmoja, wa mwisho anaifuta kazi ya wa kwanza. Tuligombana mpaka tukachoka. Ndipo Fundi Saa akaleta kofia."

Fundi Saa nilikuwa namsikia tu. Alistaafu kabla sijaajiriwa, na jina alilipata kwa kuwa kabla ya kuingia kwenye kompyuta alikuwa akitengeneza saa za mkono.

"Aliyevaa kofia ndiye anayegusa," mama mdogo aliendelea. "Wengine wanasoma tu. Ukiivaa unaandika daftarini jina lako, saa, na unachokwenda kufanya. Ukiivua, unaandika umefanya nini na kwa nini."

"Na mkaendelea hivyo?"

"Vizuri tu. Mpaka mmoja wetu alipoondoka nayo kichwani. Siku tatu kazi imelala, watu wazima watatu wanainama chini ya meza kutafuta kofia."

Alitabasamu kidogo. Mimi nikajiwekea akiba moyoni kwamba ametabasamu.

"Baadaye tukasikia wenzetu wa mbali walikuwa na vifaa vya kazi hiyo hiyo tangu zamani sana, enzi programu zinatobolewa kwenye kadi. Kofia yao ilikuwa ndani ya kompyuta. Unaliazima faili, linafungwa, haligusi mwingine mpaka ulirudishe. Tukakichukua. Kikaja kingine, tunagusa wote pamoja na seva moja inaunganisha. Halafu ndiyo hiki chenu, ambacho kila mtu anatembea na historia nzima kwenye kompyuta yake. Nacho kilizaliwa kwenye ugomvi. Watu walinyang'anywa kifaa walichokitegemea, wakakaa wakaunda chao upesi upesi. Nyinyi mnadhani kilishuka na mvua."

"Mbona hukuwahi kutuambia?"

"Nani aliuliza?"

Nikarudi kwenye mashtaka. "Na mistari elfu arobaini na moja?"

"Niliambiwa nihamishe kila kitu kutoka kifaa cha zamani kwenda hiki. Niliomba miezi miwili, nihamishe na majina ya walioandika. Nikapewa siku moja. Kwa hiyo nikabeba yote kwa mkupuo, yakaingia kwa jina langu, kazi ya watu wanne na ya miaka kumi na mitano. Uliyasoma maneno niliyoyaandika siku ile?"

Sikuyasoma. Nilikuwa nimeangalia jina, tarehe na idadi, nikakimbia. Nikafungua kompyuta yangu palepale, nikalitafuta lile badiliko, na chini ya jina lake maneno yalikuwapo, yamekaa miaka kumi na moja: Nimehamisha kazi ya wote. Jina ni langu, mistari si yangu. Walioandika hasa wako kabatini. Uliza.

"Umesoma jina langu, baba," alisema. "Maneno yangu hukuyasoma."

Hata hapo nilitafuta mwanya wa kushuku. Nilisema moyoni kuwa labda ameyaandika jana. Lakini kifaa chetu hakiruhusu jambo hilo lipite bila kuacha alama, na nilikijua kuliko mtu yeyote ofisini. Mama mdogo aliiwasha kompyuta nene, akangoja ingurume mpaka itulie, akalifungua faili la kimya. Kisha akasimama.

"Naenda kunywa maji," alisema. Akaniacha peke yangu na kioo.

Kifaa cha zamani kilikuwa kinaiweka historia ya kila faili chini ya faili lenyewe. Niliusoma mstari: subiri 360. Jina lilikuwa la Fundi Saa. Na chini yake, maneno: Ni sekunde 360. Jenereta za vituoni huchukua kama dakika sita kuwaka. Kengele ikilia kabla ya hapo kila umeme ukikatika, manesi wanaing'oa. Nesi wa zamu ndiye aliyetuomba. Atakayebadilisha saa ya programu, abadilishe na hapa.

Sekunde. Nililisoma neno hilo mara tatu. Mstari ulikuwa sahihi siku zote, na hakuna aliyeugusa. Kilichoguswa ni saa.

Nilijua kabla sijatazama, lakini nilitazama. Nikafungua faili la saa kwenye kompyuta yangu, nikapiga ile amri yangu tamu. Lilitoka jina langu. Miezi minane iliyopita. Na mahali pa kueleza kwa nini, nilikuwa nimeandika neno moja tu: Usafi.

Siku ile niliikumbuka. Sikuwa na kazi nyingi. Nilikerwa kuona namba kubwa kubwa za sekunde kila mahali, nikaamua saa yetu ihesabu dakika. Nikasaka kila mstari wenye neno sekunde, mia moja na kumi na saba, nikaigawa yote kwa sitini, nikaenda nyumbani najisifu. Kwenye faili la kimya neno sekunde halikuwamo. Lilikuwa kwenye maelezo ya Fundi Saa, na maelezo ya Fundi Saa yalikuwa kabatini. Toleo lenye usafi wangu lilipelekwa vituoni mwezi uliopita. Kicheko aliniuliza mbona miaka yote hazikuharibika, nami nikamgeuzia mgongo.

Mama mdogo alirudi anajifuta mdomo.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Haya."

Mkuu akaingia akiweka simu mfukoni. "Mmepata nini?"

Mama mdogo alinitazama. Sikuona hasira usoni mwake, wala sikuona kitu kingine chochote. Nilifungua mdomo ikatoka sauti isiyo yangu.

"Vitu vya zamani tu, Mkuu."

Alilifunga kabati, akamkabidhi Mkuu ufunguo, akachukua mkoba wake.

Alhamisi sikufanya kazi. Nilikaa nikikitazama kioo na kuhesabu. Amri ya lawama, ukiipiga kwenye mstari wa 360, itatoa jina lake leo, kesho na mwakani. Chumbani mwetu hakuna aliyejua kwamba kuna historia chini ya historia, na ufunguo uko kwenye droo ya Mkuu ambaye hajui anautunza wa nini. Nikinyamaza, imekwisha. Niliona aibu kwa kuliwaza hilo, na bado nikaendelea kuliwaza. Kisha nikapata wazo baya zaidi: kwamba anajua, na ananiwinda. Atangoja Ijumaa, mbele ya watu wote, aitoe kompyuta yake nene na kunivua nguo. Utajua mwenyewe. Nikaanza kuandaa utetezi. Ningesema maelezo yalipaswa kuwa ndani ya faili. Ningesema kosa ni la waliotoa siku moja ya kuhamisha. Nilikuwa na hoja nne, na zote zilikuwa nzuri.

Ijumaa saa tatu tulikusanyika chumbani kwetu, viti vimegeuzwa kumwelekea Mkuu. Mama mdogo alikuja na mkoba wake tu. Hakuleta kompyuta, hakuleta daftari. Mkuu alisoma ripoti: mstari, tarehe, jina. Akaiweka karatasi mezani.

"Bi Kabati, una la kusema?"

Nilizipanga hoja zangu nne mdomoni.

"Jina ni langu na tarehe ni yangu," alisema. "Sina la kuongeza."

Hakunitazama. Alikuwa anaangalia lile gazeti tulilokazia dirisha, kama mtu anayengoja jambo dogo liishe aende zake. Na mimi, Darubini, ndipo nikaona. Alijua tangu Jumatatu. Ile kompyuta iliyonguruma, alikuwa ameshalifungua faili la kimya na kulisoma kabla yangu, na alipolinganisha na la saa aliliona jina langu. Ndiyo maana alizima kioo nilipotokea mlangoni, akaniuliza kama nimekula. Na Jumatano hakuwa na kiu.

"Mkuu," nilisema. Nilikuwa nimeshasimama. "Mstari si wake."

Nikasema yote. Sekunde, dakika, Fundi Saa, nesi wa zamu, mistari mia moja na kumi na saba, neno Usafi. Nilisema pia kwamba tangu Jumatano nilikuwa najua. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Hoja zangu nne sikuzikumbuka hata moja.

"Si niliuliza mimi," Kicheko alinong'ona, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

Mkuu aliichukua tena ripoti. "Nilisema aliyehusika ataondoka."

"Ndiyo, Mkuu."

"Akiondoka," mama mdogo alisema huku akifunga zipu ya mkoba, "nani atahamisha yale majina? Mimi nimebakiza miezi minne. Nikiondoka na yeye ameondoka, litafuata kosa jingine, na safari ijayo haitakuwa chanjo peke yake."

Wakabishana kwa sauti ya chini, sisi tukiangalia vidole vyetu. Mwishowe ripoti iliandikwa upya na jina langu likaenda vituo vyote, kama nilivyostahili. Nilinyang'anywa ruhusa ya kugusa programu kwa mwaka mzima. Nikahamishiwa chumba cha mwisho, nifufue historia yote kutoka kabatini, faili kwa faili, kila mstari kwa jina la mwenyewe.

Ukumbini nilimkimbilia.

"Mama mdogo. Kama ningenyamaza, ungesema?"

Alisimama, akanipangusa kitu begani, labda vumbi, labda hakuna kitu.

"Hilo nenda ukalishuku mwenyewe," alisema, akaenda zake.

Nimelishuku. Wiki tano sasa, meza yangu ikitazamana na yake, nimelishuku asubuhi na mchana. Kuna siku nasema angesema. Kuna siku nasema asingesema, angeondoka na mkoba wake, na mimi ningebaki na kiti changu na kopo langu la sukari. Yeye hanisaidii. Ananikosoa tu ninapokosea tarehe.

Disketi nilizimaliza juzi. Jana nikaanza daftari la kofia, kwa kuwa mama mdogo alisema na wao wa kofia ni watu. Ukurasa wa thelathini na kitu nikakuta mwandiko wake, wa ujana, umelala kidogo kulia. Nilikuwa nimeshajifunza, kwa hiyo nilisoma maneno kwanza.

Nimeondoka na kofia kichwani bila kujua. Mtoto wa dada amezidiwa na homa, nimekaa naye hospitali siku tatu. Faili la saa nimeliacha katikati. Mnisamehe.

Chini yake Fundi Saa alikuwa ameandika kwa herufi ndogo za mtu aliyezoea skrubu ndogo: Kofia ikipita mlangoni tena tutaifunga kamba. Mtoto anaendeleaje?

Na chini ya hapo, tena mama mdogo: Amepona. Ameing'ang'ania kofia, anauliza ni ya nini.

Mama yangu hana mtoto mwingine. Nikaangalia tarehe, nikahesabu, nilikuwa na miaka mitano. Sikumbuki hospitali, sikumbuki kofia. Nilikaa na daftari hilo mpaka kioo cha kompyuta kikazimika chenyewe. Kisha nikakiamsha, nikayanakili maneno yote kama yalivyo, kila moja na mwenyewe na siku yake, nikayaweka ndani ya kifaa.

Upande wa pili wa meza alikuwa amevaa miwani, anapitia orodha yangu ya jana kutafuta makosa.

"Mama mdogo," nilisema. "Umekula?"

Alinitazama juu ya miwani, taratibu, kutoka usoni hadi kwenye daftari na kurudi.

"Unataka nini?" aliuliza.